Halawa: Tarehe ya Shira ya Kuondolea Nywele

Katika nchi za Waarabu wa Mashariki, tangu Misri hata Shamu, wanawake wana dawa yao ya kuondolea nywele za mwilini ambayo ndani yake hamna kitu ila sukari, maji na ndimu. Wamisri huiita halawa, maana yake utamu. Watu wa Shamu na Lebanoni huiita sukkar, yaani sukari tu. Nao Waturuki huiita ağda. Hupikwa jikoni katika sufuria ile ile ipikiwayo shira ya vitumbua na kaimati. Kitu chenyewe ni kidogo, wala waandishi wa tarehe hawakukishughulikia sana. Hata hivyo habari zake zimefungamana na mambo makubwa: safari ya muwa kutoka mashariki ya mbali, sheria ya usafi katika Uislamu, desturi za hamamu na za harusi, na maneno kadha wa kadha ambayo Mswahili huyatamka kila siku bila kufikiri kuwa asili yake ni moja.

Siku hizi halawa huuzwa katika makopo madukani Ulaya na Marekani, na wauzaji wake hupenda kuipamba kwa hadithi. Husema kwamba ilikuwa siri ya Malkia Kleopatra, au kwamba ilijulikana huko Babeli tangu mwaka 1900 kabla ya Masihi. Hadithi hizo zapendeza masikioni, lakini hazipatani na tarehe ya sukari. Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa nini hazipatani, na kuonyesha ni nani wastahilio kupewa heshima ya ufundi huu.

Ni kweli kwamba Wamisri wa kale walizichukia nywele za mwilini. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za Misri katika karne ya 5 kabla ya Masihi, asimulia kwamba makuhani wa nchi ile walikuwa wakinyoa mwili mzima kila baada ya siku moja, ili chawa wala uchafu wowote usiwapate wakati wa ibada. Nyembe za shaba na vikoleo vya kung'olea nywele vimefukuliwa katika makaburi yao, vikiwa vimewekwa pamoja na vioo na vyombo vya wanja. Kadhalika katika hati ya mafunjo iitwayo Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Masihi, zimo dawa za kupukutisha nywele. Basi haja ilikuwapo, na zana zilikuwapo. Kilichokosekana ni sukari. Utamu wa Wamisri wale ulikuwa asali na tende. Ufugaji wao wa nyuki umechongwa ukutani katika hekalu la jua la mfalme Niuserre, aliyetawala zaidi ya miaka 2,300 kabla ya Masihi. Lakini shamba la miwa halimo katika ukuta wowote wa Mafirauni, kwa kuwa muwa ulikuwa haujafika Misri.

Muwa ulianza kulimwa katika kisiwa cha New Guinea, ukaenea visiwa vya mashariki, kisha ukafika Bara Hindi. Wahindi ndio waliovumbua namna ya kuyachemsha maji yake mpaka yakawa chembe kavu, nao wakaziita sharkara, neno ambalo maana yake ya kwanza ni changarawe. Waajemi wakalifanya shakar, Waarabu wakalifanya sukkar, na Waswahili wakapokea sukari. Nearchus, jemadari wa merikebu za Aleksanda, alipofika Hindi katika karne ya 4 kabla ya Masihi alistaajabia matete yatoayo asali pasipo nyuki. Miaka mia nne hivi baadaye tabibu Myunani Dioscorides aliitaja sukari kuwa ni dawa iletwayo kutoka Hindi na Arabuni, ambayo huvunjika menoni mfano wa chumvi. Kleopatra alikufa mwaka 30 kabla ya Masihi. Katika zama zake, basi, sukari kwa watu wa bahari ya Kati ilikuwa habari ya wasafiri na kitu cha mkoba wa tabibu. Haikuwa kitu cha kumiminwa vikombe viwili viwili katika sufuria.

Jambo moja lataka kutengwa hapa. Kung'oa nywele kwa kitu cha kunata si uvumbuzi wa watu wa sukari. Ni desturi ya zamani zaidi. Wayunani na Warumi walitumia utomvu wa miti uliopashwa moto, mfano wa ulimbo ategeao mtoto ndege. Plinio, Mrumi wa karne ya 1, aliona haya kuandika kwamba utomvu wa misonobari umepata sifa kubwa kwa kung'oa nywele katika miili ya wanaume. Ila ulimbo una kasoro yake: hauyeyuki kwa maji. Ukibaki juu ya ngozi hapana budi uondolewe kwa mafuta na kusuguliwa. Sukari ndiyo iliyoondoa taabu hiyo, kwani halawa ikibaki ngozini huoshwa kwa maji ya vuguvugu ikaisha. Kwa hiyo ufundi huu ni muungano wa mambo mawili, moja la kale na moja jipya: wazo la ulimbo, na mali ya muwa.

Njia ya pili ya zamani iliitwa nura. Nayo ni mchanganyiko wa chokaa mbichi na madini ya manjano yaitwayo zarnikh, ambayo yana sumu ya aseniki. Hukorogwa kwa maji, ikapakwa, na kwa muda wa dakika chache nywele hulegea zikapukutika. Akichelewa mtu kuiosha, ngozi huungua. Wafasiri wa Kurani wamesimulia habari ya nura katika kisa cha Nabii Suleimani na Malkia wa Saba. Aya yenyewe, ya 44 katika Sura ya Namli, yasema tu kwamba malkia aliidhani sakafu ya kioo kuwa ni maji akafunua miguu yake. Wafasiri wakaongeza kwamba miguu ile ilikuwa na nywele, na kwamba majini ndio waliomtengenezea nura ya kuziondoa. Kisa hicho si ushahidi wa zama za Suleimani, lakini ni ushahidi wa zama za wafasiri wenyewe: chokaa ndiyo dawa iliyowajia akilini, wala hawakutaja sukari.

Uislamu uliikuta haja hii ikaitia katika sheria. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, mambo matano yametajwa kuwa ni ya maumbile mema ya mwanadamu: kutahiri, kunyoa sehemu za siri, kupunguza masharubu, kukata kucha, na kung'oa nywele za kwapani. Hadithi nyingine, ya Anas bin Malik, yaweka mpaka wa muda, nao ni siku arobaini. Kwa upande mwingine wanavyuoni walikataza kunyonyoa nyusi, kwa Hadithi imlaaniyo afanyaye hivyo. Kwa hiyo kuondoa nywele kulikuwa wajibu wa usafi kwanza, na pambo baadaye. Tena kulikuwa na mipaka yake. Jambo hili lilimhusu tajiri na maskini, mjini na shamba, mume na mke. Ufundi wowote uliorahisisha wajibu huo ulikuwa na soko tangu mwanzo.

Waarabu waliishika Misri kati ya mwaka 639 na 642, na muwa ukafuata nyuma yao. Kufikia karne ya 8 ulikuwa ukilimwa katika bonde la Nili. Katika nyaraka za kale za Mayahudi zilizohifadhiwa huko Fustat, mji wa zamani kando ya Kairo, watengenezaji na wauzaji wa sukari wametajwa mara nyingi. Msafiri Mwajemi Nasir Khusraw alifika Kairo mwaka 1047, na katika karamu ya Sultani wa Kifatimi aliona mti mfano wa mchungwa ulioundwa kwa sukari tangu matawi hata majani. Al-Nuwayri, aliyekufa mwaka 1333, aliandika kwa utaratibu jinsi miwa ilivyolimwa, ilivyokamuliwa na jinsi maji yake yalivyochemshwa katika Misri ya Juu. Hapo sasa palikuwa na nchi yenye sukari, yenye ndimu, yenye hamamu katika kila mtaa, na yenye sheria ya usafi. Vitu vyote vinne vihitajiwavyo na halawa vilikutana mahali pamoja.

Hata hivyo mti wa sukari wa Sultani si sukari ya nyumba ya mkulima. Bidhaa hiyo iliendelea kuwa ya wenye mali kwa karne nyingi. Mambo yalibadilika katika karne ya 19. Khedivu Ismail, aliyetawala Misri tangu mwaka 1863 hata 1879, alipanua mashamba ya miwa na kujenga viwanda vya mashine katika Misri ya Juu. Na huko Ulaya sukari ya kiazi ilikuwa ikiishindania soko sukari ya muwa, bei ikashuka. Ufundi hauwezi kuwa wa kila nyumba kabla kiini chake hakijawa cha kila nyumba. Kwa hiyo halawa ya wanawake wote, ambayo mama humfundisha binti jikoni, ni matunda ya sukari rahisi, wala si urithi wa Mafirauni.

Maneno yenyewe yatoa ushahidi wake. Halawa na halua ya Waswahili ni ndugu, kwa shina moja la Kiarabu lenye maana ya utamu. Sukkar na sukari hayahitaji maelezo. Lakini neno la Kituruki, ağda, ndilo lenye mafunzo zaidi. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya shira iliyokazana, na shina lake ni lile la kufunga fundo. Kutokana na shina hilo Mswahili amepata akdi, ambayo ni fundo la nikahi. Itikadi, ambayo ni jambo lililofungwa moyoni. Na akida, ambaye ni mkuu aliyefungiwa amri ya watu. Mpishi wa halawa aitazamapo shira yake ili ajue kama imeshika, atazama fundo lile lile. Tena katika majina yote matatu, la Kimisri, la Kishamu na la Kituruki, hapana hata moja litajalo asali, nta wala ulimbo. Yote yatoka jikoni kwa mpika sukari.

Namna ya kuipika ni hii. Hutiwa katika sufuria nzito vikombe viwili vya sukari, robo kikombe cha maji, na robo kikombe cha maji ya ndimu yaliyochujwa. Hubandikwa juu ya moto mdogo na kukorogwa mpaka sukari iyeyuke, kisha huachwa ichemke polepole. Rangi hugeuka toka nyeupe ikawa ya manjano, halafu ikawa ya asali. Mpishi asiye na kipima joto hudondosha tone katika maji baridi: likitawanyika, bado, likiwa donge laini libonyezekalo kwa vidole, tayari, likigongana na bilauri mfano wa kijiwe, limepita kiasi, na sufuria nzima imekuwa peremende. Kwa kipimo cha kisasa joto lenyewe ni kiasi cha digrii 115 hadi 120 za sentigredi. Siku za joto jingi halawa hulegea mikononi, kwa hiyo hupikwa ikaze kidogo zaidi.

Kazi ya ndimu yastahili kuelezwa, kwa maana ndiyo elimu iliyofichika katika desturi. Sukari tupu ichemshwapo na kuachwa ipoe hupenda kurudi katika hali yake ya chembe. Mpika kashata aijua sana tabia hiyo. Ukali wa ndimu huigawa sukari ile katika sukari mbili nyepesi, ambazo wanakemia huziita glukosi na fruktosi. Hizo zikichanganyika na sukari iliyosalia huzizuia chembe zisiungane, na shira hubaki laini yenye kunata. Wanawake walioanzisha kutia ndimu hawakuwa na majina hayo ya kemia, lakini walilijua tendo na matokeo yake, nao walilijua kwa kuonja, kutazama na kukosea.

Shira ikiiva humiminwa katika sahani iliyolowanishwa, nayo huachwa ipoe mpaka mkono uweze kuistahimili. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwani shira ya moto hushikamana na ngozi na kuiunguza zaidi kuliko maji yachemkayo. Mwenye haraka huondoka na jeraha. Ikisha kupoa hukandwa na kuvutwa kwa vidole kama unga wa chapati, mpaka hewa iingie ndani yake, na ule uangavu wa kahawia ugeuke kuwa rangi ya dhahabu iliyofifia. Ngozi hukaushwa na kunyunyizwa unga kidogo. Donge hupakwa kwa kidole gumba kuelekea kinyume cha mwelekeo wa nywele, likanyoshwa mara mbili au tatu, kisha huchomolewa kwa ghafla kufuata mwelekeo wa nywele. Donge moja hutumika tena na tena mpaka lijae. Ngozi yenye kidonda au upele haiguswi. Kwa kuwa nywele hung'oka pamoja na shina, huchukua majuma matatu au zaidi kuonekana tena. Wembe hauwezi kumpa mtu nafasi kama hiyo katika siku zake arobaini.

Kazi hii ilikuwa na wenyewe. Katika hamamu za Kairo alikuwako mwanamke aitwaye ballana, ambaye aliwahudumia wanawake walioingia kuoga, naye alikuwa mtu wa lazima katika harusi. Mwingereza Edward Lane, katika kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kilichotoka mwaka 1836, aeleza maandamano ya kumpeleka bibi harusi hamamuni, na aitaja nura pamoja na viungo vyake. Lakini Lane alikuwa mwanamume, na mlango wa wanawake haukufunguliwa kwake. Ndiyo sababu dada yake, Sophia Poole, aliyekaa Kairo tangu mwaka 1842, aliandika kitabu chake mwenyewe juu ya maisha ya nyumbani na hamamu za wanawake. Katika mambo haya tarehe ina upungufu mmoja mkubwa: wenye kalamu walikuwa nje ya mlango, na wenye ufundi waliokuwa ndani hawakushika kalamu. Nura ya maduka ya dawa iliandikwa na matabibu. Halawa ya jikoni ilisemwa kwa mdomo na kuonyeshwa kwa mkono.

Pwani ya Afrika ya Mashariki yaijua hali hiyo. Hamamu za Kiajemi zilifika Unguja pia: Seyyid Said alijenga ile ya Kidichi yapata mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, akawajengea watu wa mjini ile ambayo mtaa wake waitwa Hamamni hata leo. Sukari nayo ilikuwapo. Mashamba ya miwa yalilimwa kando ya mto Pangani, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita juu ya Wajerumani katika mwaka 1888 na 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Hata hivyo wanawake wa pwani walikuwa na njia yao iliyozoeleka zaidi, nayo ni jivu la kuni, ambalo huupa mkono mshiko hata nywele fupi zisiteleze zinaponyonyolewa. Sukari guru ya Pangani iliishia katika chai na vitamu.

Lakini mwenye kazi ni yule yule. Mahali pa ballana pana somo, ambaye humfundisha mwari unyago, humsinga kwa singo na liwa, humpaka hina, na kumwonyesha jinsi ya kujiweka safi kabla ya usiku wa harusi. Waswahili wameyaita manyoya laini ya mwilini malaika, na somo humfundisha mwari yapi ya kuondoa na yapi ya kuacha. Hayo hayakuandikwa. Akifa somo ambaye hakuacha mwanafunzi, hufa pamoja naye sehemu ya elimu ambayo hapana maktaba iliyoihifadhi.

Katika karne ya 20 Waarabu na Waturuki waliohamia Ulaya na Amerika walikwenda na halawa yao, na wageni wakajifunza kwao. Mwaka 2007 Nadine Labaki wa Lebanoni alitoa filamu juu ya wanawake wa saluni moja ya Beirut, na jina lake la Kiarabu, Sukkar Banat, yaani sukari ya wasichana, limetokana na shira hii. Makopo ya dukani yakafuata, na pamoja na makopo ikaja hadithi ya Kleopatra.

Huenda msomaji akauliza hadithi hiyo yamdhuru nani. Jibu ni kwamba yawadhuru wenye haki. Mtu akisema ufundi huu ni wa malkia aliyekufa kabla sukari haijafika nchini mwake, amewanyang'anya Wahindi waliogundua kuchemsha maji ya muwa, amewanyang'anya wakulima wa Nili walioukata muwa kwa jasho lao, na zaidi ya wote amewanyang'anya wanawake wa mitaani, ambao majina yao hayakuandikwa, waliosimama juu ya moto wakajifunza ni wakati gani shira imeshika. Malkia hana haja ya heshima ya bure. Ballana na somo hawana nyingine ila hii.